Mtu kwa Mtu

SEHEMU YA KWANZA

Redio ya Maalim Abuu ilikula betri nne, na mbili kati ya hizo zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu za kufikisha taarifa ya habari ya jioni. Zilifikisha, kwa taabu. Wanaume waliokaa kwenye baraza ya msikiti wa Wasini, Alhamisi ile ya tarehe 17 Novemba 1983, walilazimika kuinama mpaka videvu vikakaribiana ndipo wakasikia Sauti ya Kenya ikisema kwamba Rais Moi, Mwalimu Nyerere na Rais Obote wamekutana Arusha, kwamba mali za Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika sasa zimepata wenyewe, na kwamba mpaka wa Kenya na Tanzania, uliofungwa tangu Februari 1977, unafunguliwa.

Betri zikafa hapo hapo. Haidhuru, neno lilikwisha kutoka.

Wanaume hawajasimama, vigelegele vimeshaanza kupokezanwa ua kwa ua. Jinsi wanawake wa Wasini wanavyopata habari kabla ya baraza ni jambo ambalo hata leo sijapata wa kunieleza. Mzee mmoja alilia waziwazi: nduguye alifia Tanga mwaka wa pili wa kufungwa mpaka, naye hakwenda kumzika, kwa kuwa kupita Horohoro kulikuwa hakuna na kupita kichakani kulikuwa na jela yake.

Mgeni angeuliza kisiwa kisicho na gari wala barabara kina shughuli gani na mpaka. Mgeni hana binti aliyeolewa Wete. Watu wa Wasini wameoana na watu wa Vanga, Jimbo, Moa, Tanga na Pemba tangu kabla Mwingereza na Mjerumani hawajakaa mwaka 1886 kuchora mstari kutoka mlango wa mto Umba kwenda bara. Mize, binti mkubwa wa Nahodha Masudi, aliolewa Pemba mwaka 1976, na bibi harusi alivuka na majahazi mawili, ngoma juu. Mwaka uliofuata milango ikafungwa. Mamake alipofariki mwaka 1981, Mize aliipata habari ya tanzia ndani ya gunia la sukari, siku kumi na moja baada ya maziko.

Kwa hiyo Nahodha Masudi ndiye aliyetazamiwa kufurahi kuliko wote. Watu walimgeukia, wakampa mkono. Yeye akauliza jambo moja tu.

“Malori yatapita Lunga Lunga lini?”

Hapana aliyejua. Akavaa viatu vyake akaenda zake.

Hili lataka maelezo, maana kijana wa leo anayenunua sukari ya nchi yoyote dukani hataelewa kwa nini mtu anune siku ya furaha. Tanzania ya miaka ile ilikuwa imetoka vitani na Idi Amin, fedha za kigeni hakuna, maduka matupu. Sabuni ilikuwa habari. Sukari ilikuwa siri. Pemba nayo ilikuwa na karafuu, lakini mnunuzi wa karafuu alikuwa mmoja, shirika la serikali, na bei ilikuwa ile aliyoitaka yeye. Karafuu hiyohiyo ikifika Mombasa ilipata bei maradufu na zaidi. Katika vitabu vya benki shilingi ya Tanzania na ya Kenya zilikaribiana thamani. Ufukweni usiku, nani alikuwa na haja na vitabu vya benki? Mashua ilikwenda na sukari, sabuni, mikebe ya Kimbo na leso za Mombasa, ikarudi na karafuu.

Nahodha Masudi hakuzaliwa mtu wa magendo. Alikuwa mvuvi wa Kisite. Serikali ikaja ikaitenga Kisite kuwa hifadhi ya bahari, nyavu zikakatazwa, watalii wakakaribishwa, na yeye akabaki na mashua isiyo na pa kwenda. Basi mpaka uliowaliza wengine ukamlisha yeye, miaka karibu saba. Na jioni hiyo ghalani mwake mlikuwa na magunia arubaini ya sukari aliyokopa kwa tajiri mmoja wa Mombasa, sukari ambayo thamani yake yote ilitokana na kufungwa kwa njia. Marais watatu walikuwa wamemfilisi kwa sentensi moja, nao hawakumjua hata jina.

Hesabu zilikuwa mkononi mwa Mwanasha, binti mdogo, mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu. Babake hakujua kusoma ila Kurani. Mwanasha alifika darasa la saba kule Shimoni, na tangu mama yao alipofariki ndiye aliyeshika daftari. Lilikuwa daftari la jalada gumu, jekundu, lenye safari zote. Sukari aliiandika “chokaa”. Karafuu aliiandika “mtama”. Lakini tarehe, idadi na majina ya waliopokea aliyaandika yalivyo, kwa mwandiko wake wa shule uliolala upande, maana alipenda kazi safi.

Alipotoka uani akachukua kandili, akaenda ghalani kuhesabu upya. Arubaini ya sukari, sawa. Pembeni magunia matano ya karafuu, yaliyoletwa juzi usiku na wavuvi wa Kipemba wa dago. Akapiga goti, akafumua uzi wa gunia la kwanza, akazamisha mkono mpaka kiwikoni. Ilikuwa ndiyo posta yao, yeye na dadake. Mize siku zote aliandika kurasa mbili, akazitia magunia mbalimbali, ili ikishikwa moja isimfae mshikaji.

Gunia la kwanza, hamna. La pili, vidole vikagusa karatasi.

Aliisogeza kandili. Mwandiko ulikuwa wa Mize, ila umeandikwa mbiombio, herufi zikipandana. Mstari wa kwanza ulisema: *Mdogo wangu, ikiwa yule fundi yuko karibu nawe, usiisome. Ikunje sasa hivi.*

Mlangoni nyuma yake sauti ya kiume ikasema, taratibu:

“Barua ya nani hiyo, Mwanasha?”

SEHEMU YA PILI

“Hesabu ya magunia,” Mwanasha alijibu bila kugeuka, na mkono ukaipeleka karatasi ndani ya leso, kiunoni, kama anayejifunga vizuri. “Baba ataka kujua kabla hajalala.”

Fundi Saidi aliingia, akakaa juu ya gunia la sukari. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye vidole vyeusi vya grisi. Alifika kisiwani mwishoni mwa Aprili mwaka uleule akitokea Tanga. Alisema alikuwa na duka la vipuri, na Waziri Mkuu Sokoine alipoanza kuwasaka wahujumu uchumi mwezi Machi, watu wakitupa sukari visimani na kuzika majora ya nguo usiku, yeye aliacha duka wazi akakata kichaka mpaka Vanga. Hapana aliyemhoji zaidi. Mwaka ule nusu ya waliovuka walikuwa na kisa kama hicho. Aliwatengenezea mashine wazungu wa Shimoni waliokuwa wakivua nduaro, na mashine kuukuu ya Nahodha Masudi, iliyokwisha kufanywa nanga, akaifufua. Malipo hakutaka, ila chai na sigara. Pakiti ya sigara ikiisha huichana, akaandika tarakimu kwa ndani. Vipimo vya pistoni, alisema.

Alivuta pumzi kwa puani, akatabasamu.

“Mtama wa Pemba una harufu nzuri.”

Akaaga, akatoka. Mwanasha alifunga ghala, akapiga hatua mbili tatu kwenye changarawe kabla ya kusimama ghafla. Mtama. Neno hilo liliishi mahali pamoja tu ulimwenguni, ndani ya daftari jekundu.

Aliisoma barua chooni, kandili sakafuni.

*Hamadi wamemchukua, leo siku ya tatu. Walimkuta na magunia mawili shambani. Wanasema ni ya magendo, na kweli ni ya magendo, nitasemaje. Mimi nina mimba ya miezi saba. Wamesema mtu kwa mtu. Wakimpata wanayemtaka huko kwenu Wasini, Hamadi atalala nyumbani kwake. Kuna watu wametumwa wamwambie Baba kuwa anayetakiwa ni yule fundi wa mashine*

Karatasi ikaishia hapo, pasi na nukta.

Mtu kwa mtu. Mwanasha hakuwa na njia ya kujua kwamba neno hilo lilikuwa likitembea juu pia, kwa wakubwa. Hezekiah Ochuka na Pancras Okumu, askari wa anga walioasi Nairobi tarehe 1 Agosti 1982 wakaruka na ndege ya jeshi mpaka Dar es Salaam, walirudishwa Kenya Novemba hiyohiyo ya Arusha. Kenya nayo ikawatoa Watanzania waliotuhumiwa kupanga kumpindua Nyerere, waliokuwa wamekimbilia Nairobi. Taarifa ya jioni haikulitia hilo. Ilitaja mali: reli, bandari, ndege, posta, zilizopimwa na Mswisi aitwaye Victor Umbricht kwa miaka, Kenya ikapata mafungu 42 katika mia, Tanzania 32, Uganda 26. Watu hawakupimwa kwa mafungu. Ochuka na Okumu walinyongwa mwaka 1987. Mimi husema ukitaka kujua ujirani umerejea kweli, usitazame malori. Tazama ni nani waliolala salama ng’ambo jana ambao leo hawalali.

Usiku ule Mwanasha alirudi ghalani kutafuta ukurasa wa pili. Kufuli lilikuwa limebadilishwa.

Ijumaa asubuhi babake alifanya mambo ya ajabu. Alikwenda Mkwiro kwa miguu kumlipa mtu deni la nyavu la tangu 1979. Alimrudishia jirani ndoo. Aliuza sukari yote, magunia arubaini, kwa mwenye duka wa Shimoni kwa bei ya kutupa, akaifunga pesa katika kitambaa, akampa Maalim Abuu ampelekee tajiri wa Mombasa. Baada ya sala ya Ijumaa alikaa karibu na jabia, akiwa bado katika kanzu nyeupe ya Idi, akaitazama mibuyu kama mtu aliyepewa kazi ya kuihesabu.

Mwanasha akamwendea.

“Babangu, nimesoma barua ya Dada Mize.”

“Nusu yake,” alisema Nahodha.

“Kwa hiyo wajua.”

“Nimeambiwa.” Alisema bila kumtazama. “Usiku huu napeleka mtama Mombasa. Fundi atakwenda nami, anadhani namfikisha kwa watu watakaomficha Mombasa. Tukitoka nje ya Mkwiro nitageuza.”

“Umuuze mgeni wako? Aliyekula chakula chetu?”

“Na Hamadi je? Na mtoto aliye tumboni kwa dadako? Wakubwa wamekaa Arusha wakagawana ndege na mabehewa. Mimi sina ndege. Nagawa nilicho nacho.”

“Baba, huyo fundi amesoma daftari. Amelitaja neno la ndani.”

Hapo Nahodha alinyamaza kidogo. Kisha akasema neno ambalo Mwanasha alilielewa vibaya, na lilimchukua saa kumi kulielewa sawasawa: “Fundi alikwisha kulisoma zamani, mwanangu. Wewe usitoke nyumbani leo. Ukisikia nimerudi, nimerudi. Usiposikia, nenda kakae kwa Maalim.”

Mwanasha alisimama na hasira ambazo hazikuwa na pa kwenda. Alikuwa amemlea babake miaka miwili, amempikia, amemwandikia, amemsomea kila karatasi iliyomjia, na leo alikuwa akimwona mtu asiyemjua. Akaingia ndani. Kama fundi angechukuliwa, walau lile daftari lisiende popote. Angelitia moto, ukurasa kwa ukurasa, ndipo aamue la kufanya.

Kasha la mamake lilikuwa chini ya kitanda, na ufunguo wake alikuwa nao shingoni siku zote.

Bawaba zilikuwa zimeng’olewa kwa bisibisi, kazi safi ya fundi. Daftari halimo. Na juu ya nguo za marehemu mamake, pale daftari lilipokuwa, palikuwa pamewekwa kofia ya babake ya kila siku, imekunjwa mara mbili, na ndani yake pete yake ya akiki, ambayo hakuwahi kuivua tangu alipooa.

SEHEMU YA TATU

Maji yalikuwa yameanza kutoka. Mashua ikiachwa nusu saa zaidi ingekaa juu ya mchanga mpaka alfajiri, na hilo ndilo lililomponya Mwanasha, kwa sababu babake hakuwa na wakati wa kugombana.

“Shuka!”

“Sishuki.”

Bakari, baharia wao wa pekee, kijana wa miaka kumi na saba, alishika upondo akatazama upande mwingine. Mwanasha alikuwa amekaa juu ya magunia ya karafuu, leso mbili zimefungwa kikazi, akimtazama babake machoni.

Fundi Saidi ndiye aliyemaliza mashindano. Alikuwa shetrini karibu na mashine, na chini yake, amelikalia, palikuwa na kitu cha mraba kilichofungwa kwa nailoni.

“Mwache aje, mzee wangu. Hesabu zake atazisoma mwenyewe.”

Nahodha Masudi alimkazia macho fundi muda mrefu kuliko lilivyostahili neno hilo. Kisha akasema, “Sukuma, Bakari.”

Ilikuwa miezi ya maleleji, kusi imekwisha na kaskazi haijashika, upepo unakuja na kukata. Walipandisha tanga likalegea. Mwezi, uliobakiza siku mbili tatu kutimia, ulifanya mlango wa bahari kati ya Wasini na Shimoni uwe mweupe. Mtu wa magendo hatoki usiku kama huo. Bakari alilisema hilo kwa sauti, na hakujibiwa.

Wakapita Mkwiro. Kwenda Mombasa, hapo ndipo mashua huelekea kushoto, visiwa vya Mpunguti vikabaki nyuma. Nahodha alisukuma kiguzo cha msukani kwa goti, na Mpunguti vikaja ubavuni kulia, vyeusi, karibu kabisa, ndege wakilalamika usingizini. Fundi alipaswa kushtuka. Mtu aliyedanganywa kuwa anapelekwa Mombasa, mtu aliyeishi Tanga, aijuaye bahari, alipaswa kuuliza. Fundi aliwasha sigara.

Ndipo Mwanasha alipokumbuka alichokikalia.

Magunia yote matano yalikuwa mle mashuani. Alikwisha kuyapekua mawili jana ghalani. Akajifanya amelala ubavu, akafumua gunia la tatu kwa kucha, akazamisha mkono. Karafuu kavu ni kali. Huingia chini ya kucha zikachoma. Hamna. La nne lilikuwa chini ya miguu ya Bakari, akamwashiria asogee, kijana akasogea bila kuuliza. Hamna. La tano lilikuwa omo, na kulifikia ilimbidi aseme ana kichefuchefu.

Karatasi ilikuwa katikati kabisa, mahali ambapo mpekuzi mvivu hafiki. Aliifungua juu ya ubao wa omo, mgongo akiwapa wengine, na mwezi ukamtosha.

*lakini huo ni uongo, wamemtungia Baba apate sababu ya kuvuka mwenyewe. Fundi ni mtu wao. Alitumwa huko tangu Aprili kuhesabu mashua. Kumkamata Baba Wasini hawawezi, ni nchi nyingine, na mpaka ukifunguliwa Baba ataacha biashara hii wala hatavuka tena, kwa hiyo wana haraka. Wanayemtaka ni Baba. Mwanasha, asivuke. Mzuie hata kwa*

Hapo tena pasi na nukta. Mize hakuwa na tabia ya kuacha sentensi katikati. Mtu alikuwa amemkatiza.

Mwanasha alirudi shetrini kwa kushika kingo za mashua. Taa ya mnara wa Kigomasha, ncha ya Pemba, ilikwisha kuonekana, ikichomoza na kuzama. Mahali fulani kwenye maji hayo palikuwa na mstari. Serikali mbili zilikubaliana juu yake kwa barua, ya kwanza ya Desemba 1975 na ya pili ya Julai 1976, miezi michache tu kabla ya kununiana. Baharini haukuwekewa boya wala bendera. Wavuvi waliujua kwa jambo moja: upande huu ukisikia mashine ya boti kubwa unaendelea kuvua, upande ule unakata nyavu.

Alichuchumaa miguuni pa babake, akanong’ona akiwa na karatasi mkononi. Alisema yote kwa pumzi moja. Fundi alikuwa mikono miwili tu mbali, na Mwanasha hakujali tena.

Babake hakushtuka.

Alikuwa ameshika msukani, amevaa kanzu ya Idi, bila kofia, bila pete. Na Mwanasha akaiona Ijumaa nzima upya: deni la nyavu, ndoo ya jirani, pesa za tajiri, jabia, mibuyu.

“Wajua,” alisema.

“Aliniambia mwenyewe, siku nne sasa.” Nahodha alimwonyesha fundi kwa kidevu, bila chuki, jinsi mtu anavyomwonyesha mwenzake wa biashara. “Mimi niingie, Hamadi atoke. Nikamwambia sawa, ila binti yangu asijue. Ukidhani namuuza mgeni utanichukia, utabaki nyumbani. Ukijua najiuza mwenyewe utanifuata mpaka huku.”

“Nimekufuata.”

“Nimeona.”

“Na daftari?”

“Alilitaka pia. Ushahidi, asema. Nikaona halidhuru kitu, nitakuwa nimeshikwa, karatasi itanizidishia nini?”

Mwanasha alimtazama babake, mtu aliyeweza kupitisha mashua kati ya miamba ya Kisite usiku wa giza kwa kusikiliza mawimbi, na akaelewa kwamba kuna jambo moja la watoto wa shule ambalo halikumpitia akilini kamwe. Kwake yeye maandishi yalikuwa maandishi, kama chumvi ilivyo chumvi. Hakujua kwamba mwandiko una mwenyewe.

“Baba,” alisema, “safari za miaka miwili, kila neno la mle ndani ni la mkono wangu.”

Kwa mara ya kwanza usiku ule, goti la Nahodha Masudi liliteleza kwenye msukani, na tanga likapigapiga.

Fundi alikuwa amekwisha kusimama. Alitoa kurunzi mfukoni, akaiwasha na kuizima mara tatu kuelekea mashariki. Nuru ikajibu, karibu mno. Walikuwa wamezimisha mashine wakingoja, na sasa ikanguruma. Boti ya kijivu ya KMKM, kile kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo, ilitokea upande wa kivuli cha mwezi, ikapunguza mwendo umbali wa kutupa kamba.

“Teremsha tanga, Bakari,” fundi alisema. Kijana akamtazama nahodha wake. Nahodha hakusema kitu. Henza ikabaki ilipofungwa.

“Wangapi?” sauti iliuliza kutoka kwenye boti.

Fundi aliinama, akaokota furushi la nailoni, akalitia kwapani.

“Wawili,” akajibu.

“Tulikubaliana mmoja!” Nahodha Masudi alisimama wima, na mashua ikayumba. “Saidi, nimekulisha miezi saba. Tulikubaliana mmoja. Mtu kwa mtu!”

“Mtu kwa mtu, mzee wangu. Sijavunja neno.” Fundi hakupandisha sauti. Alikuwa na huzuni kidogo usoni, au ulikuwa mwezi tu. “Nilipokwambia yuko mmoja, alikuwa mmoja. Baadaye wamemkuta wa pili akiandika barua.”

Kwenye boti mtu aligeuza taa kuielekeza ndani. Ikamwangaza kwanza Hamadi, amekaa sakafuni, mikono nyuma. Kisha ikasogea pole pole, ikasimama juu ya mwanamke aliyejifunika leso ya Mombasa, mikono yake miwili imelishika tumbo lake la miezi saba, akitikisa kichwa, akitikisa, kama anayesema hapana kwa mtu mmoja tu katika bahari nzima.

Mwanasha hakuwa amemwona dadake tangu siku ya ngoma na majahazi mawili.

Nyuma yake alisikia msukani ukigonga ubao. Babake alikuwa ameuachia. Na wakati uleule, kutoka kaskazini, ule upepo uliokuwa ukikata na kurudi usiku kucha ukaja mzima, ukajaza tanga ambalo Bakari hakuliteremsha.

Mwanasha akaushika msukani.

*Itaendelea wiki ijayo.*